Jivu Kabla ya Mvua

Tulipomzika Kogo, mvua ya Kericho ilisubiri kwa adabu mpaka jeneza likashuka, kisha ikaangusha barafu juu ya mahema, na watu wakakimbilia chakula mapema kuliko pasta alivyokusudia. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis. Hakuwa nyanya yangu. Alikuwa mama mkwe wa mama yangu mdogo, na mimi ni Mkisii. Lakini kwa mwaka mmoja wa ujana wangu nilikula kwake, nikalala kwake, nikamwita hivyo, na hakuniambia niache. Nilikuwa nimetoka Nakuru asubuhi, na magoti yangu yanayolalamika kila wakati wa baridi, nikiwa nimejiandaa kulia kidogo kama inavyotakiwa. Sikulia kaburini. Nilipokaa chini ya hema nikapewa sahani ya wali, nyama na sukuma wiki, na kwenye kipande kimoja cha jani ambacho kisu hakikukifikia vizuri nikaona tundu, duara safi kabisa, kazi ya mdudu. Hapo machozi yakanitoka. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akadhani ni pilipili, akanisogezea maji.

Siku hizi kule Nakuru kuna kabati katika supamaketi lililoandikwa “mboga za ogani”, na watu hulipitia polepole kama wanaotembelea mgonjwa. Mwaka ule hatukuwa na neno hilo. Tulisema tu “bila dawa”, na kulisema nyumbani kwa Kogo kulihitaji moyo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina la kufanya isipokuwa kungoja chuo, na mama mdogo, Moraa, alikuwa na mimba yake ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, zote tumbo likiwa limeshaonekana na majina yameanza kupendekezwa. Nilitumwa nikamsaidie: nichote maji, nichume chai pamoja naye, nibebe chochote ambacho yeye hakutakiwa kubeba. Jinsi binti wa Kisii alivyoolewa kwenye mlima ule juu ya Litein ni hadithi ya watu wengine, na sitaigusa.

Nililala stoo. Ilikuwa chumba cha mbao kilichoshikana na jikoni, na kitanda changu kilipakana na magunia ya mbolea ya chai, ile ya punje inayonukia chumvi na kutu. Nguo zangu zilinuka mbolea, mkate wangu ulinuka mbolea, na nadhani hata ndoto zangu. Upande wa pili wa mbao kulikuwa na jikoni ya Kogo, ambako moto haukuwahi kuzimika kabisa, na vibuyu vya mursik, maziwa yao ya mgando, vilining'inia ukutani, vyeusi na vyenye kung'aa. Kila kilichosemwa kule nilikisikia. Sikuwa nikidukua, mbao zilikuwa na nyufa, na mimi nilikuwa na masikio. Mume wa mama mdogo, Mwalimu, alifundisha shule ya mbali, Sigor, na kurudi Ijumaa, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wanawake watatu na ng'ombe, na nyuma ya jikoni kipande cha shamba ambacho Kogo alikilima tangu alipokuja pale akiwa bibi arusi.

Kila Jumamosi Kogo aliwapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Aliichanganya kwenye pampu, ikawa nyeupe mfano wa maziwa yaliyotiwa maji, akawazunguka ng'ombe mmoja mmoja akiwaita kwa majina. Dawa iliyobaki hakuimwaga. Aliipeleka nyuma ya jikoni akaimalizia juu ya sukuma wiki, kwa sababu dawa inayoua kupe haiwezi kushindwa na vidukari, na kwa sababu kumwaga kitu kizuri ni dhambi. Hakuwa peke yake. Nyumba nyingi pale mlimani zilifanya hivyo, na kila moja ilijivunia sukuma yake pana, ya kijani kibichi, isiyo na kovu. Kwenye mizizi aliweka kiganja cha mbolea ya chai, ile ile niliyolala nayo. Mboga za Kogo zilisifiwa mpaka sokoni Litein. Wanawake walisimama wakazishika kwa vidole viwili kama kitambaa cha dukani.

Mama mdogo alirudi kutoka kliniki siku moja, akakaa na jambo lake karibu wiki nzima. Nililisikia likitoka jioni, wakati wa kusonga kimyet, ule ugali wao mgumu ambao sikuwahi kuuweza. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha wale wawili. Mmoja hakujua Kikisii na mwingine alijua Kikipsigis cha kuomba chumvi tu, basi waligombana kwa lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao, na nadhani ndiyo maana maneno yao yalitoka wazi namna ile. Hawakujua njia za kuzunguka.

“Mama,” alisema mama mdogo, “hii Jumamosi tusiwekee sukuma ile dawa ya ng'ombe.”

Mwiko ukaendelea kugonga sufuria, kisha ukanyamaza.

“Kwa nini?”

“Nesi amesema si nzuri kwa mtu ako na mimba.”

“Nesi alisema hii mimba ya sasa,” Kogo akauliza polepole, “ama alisema na zile zingine?”

“Hakusema zingine, Mama.”

“Lakini wewe unasema.”

“Sijasema.”

“Umesema. Umekaa kwa jikoni yangu, ukasema.”

Nililala na macho wazi nikitazama magunia. Asubuhi tulikuta jembe la Kogo limeegemezwa kwenye mlango wa mama mdogo, mpini umeoshwa. Ile ndiyo iliyokuwa hotuba yake yote. Shamba la jikoni lilikuwa letu, na kuanzia siku ile Kogo alikula kabichi za kununua, akiziosha mbele yetu kwa maji mengi.

Nilikuwa msichana, lakini si mjinga, nikaelewa jambo ambalo hakuna aliyelitamka. Mtoto akizaliwa salama, basi wale wawili wa kwanza waliuawa na mboga za nyanya yao. Hatukuwa tukilima sukuma pale. Tulikuwa tukilima kesi. Kila nilipomwona mama mdogo akijishika tumbo na kutabasamu, nilimtafuta Kogo kwa macho, na kila mara nilimkuta ametazama pembeni. Alimtaka mjukuu yule kuliko mtu yeyote. Nilijua, kwa sababu nilimsikia kwenye zile nyufa akimwomba Mungu kwa lugha yake, na jina la Moraa ndani ya maombi. Na bado mjukuu huyo huyo ndiye angekuja kumhukumu.

Mama mdogo aliyapata maarifa ya kulima bila dawa kutoka kwa wanawake wa chama chake na kipindi fulani cha redio, akayachanganya bila mpango. Tulibeba samadi iliyooza kutoka zizini. Tulikata yale maua ya njano yanayoota kando ya barabara, tukayaloweka kwenye pipa mpaka yakatoa uvundo uliowafanya ng'ombe wageuze shingo, na maji yake tukayamwaga kwenye mizizi. Mimi nilipewa jivu. Nililichekecha, nikalinyunyiza juu ya majani kwa mkono, nikijiona mtaalamu. Siku moja nilikuwa nikifanya hivyo na mawingu yamejaa upande wa msitu, Kogo akapita na kikapu cha chai mgongoni. Alikuwa hajanisemesha kuhusu shamba lile kwa wiki nyingi. Akasimama.

“Msichana, unaona mvua?”

“Naiona, Kogo.”

“Jivu haiwekwi mvua ikikuja. Inaosha yote. Umefanya kazi ya bure.”

Akaenda zake. Mvua ikaja, ikaosha yote, nami nikajifunza.

Sukuma zetu zilifanya vile ambavyo mboga yoyote hufanya inaponyang'anywa ilichozoea. Zilififia, zikasinyaa, kisha zikaanza kuliwa. Viwavi walizikata mpaka jani likabaki mishipa. Majirani walipita kwenye ua wakiuliza kama tunawafuga. Mwalimu alirudi Ijumaa, akainua jani moja kutoka kwenye sahani akalielekeza kwenye taa. “Hii mboga iko na madirisha,” akasema. “Naona mpaka Sosiot.” Mama mdogo akacheka hadi akajishika ubavu, nami nikacheka. Kogo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akila kabichi. Alitutazama mmoja mmoja, na nadhani alikuwa akihesabu wanaocheka. Nikikumbuka leo chakula kile, sukuma nyembamba yenye ladha kali kidogo, maziwa ya mursik yenye vumbi la mkaa, na mwanamke mmoja asiyecheka, naona kwamba sote tulikula kwa woga. Tuliuita utani.

Jivu halikuwatosha viwavi. Mama mdogo akaambiwa na wenzake wa chama kuhusu pilipili na kitunguu saumu na sabuni. Tukasaga kibuyu kizima cha pilipili, macho yakitutoka machozi, tukachuja kwa kitambaa. Basi ikabidi tupate kitu cha kunyunyizia. Mama mdogo aliingia zizini, akatoka na pampu, akamimina dawa yetu safi ndani yake, akafunga kifuniko, akaanza na mstari wa kwanza. Hata leo nashangaa. Tulikuwa tumeacha mbolea, tumeacha dawa, tumegombanisha nyumba nzima, tumekula mishipa ya sukuma wiki baada ya wiki, na pampu hatukuifikiria. Kwetu pampu ilikuwa pampu tu.

Kogo alikuwa akipanda kutoka kwenye chai. Nilisikia kwanza kikapu kikianguka, kisha nikamwona akikimbia, mwanamke wa umri ule, akikanyaga mistari ya vitunguu, majani ya chai yakimwagika nyuma yake mteremko mzima.

“Weka chini! Moraa! Weka chini hiyo kitu! Hiyo ni ya ng'ombe, hiyo ni sumu!”

Neno lilitoka, na sote watatu tulilisikia. Mama mdogo aliweka pampu chini polepole sana. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kogo alisimama akihema, mkono kifuani, na usoni mwake niliona kitu ambacho sijawahi kukiona tena kwa mtu mzima: mtu anayejisikia akisema jambo kabla hajaamua kulisema. Miaka yote ile alikuwa ameimimina dawa ile kwenye mboga, akatulisha, akala yeye mwenyewe. Nilimwonea huruma mpaka nikataka kukimbia.

“Nawa mikono,” alisema hatimaye. “Na sabuni.”

Kisha akainama, akang'oa mstari wote uliokuwa umenyunyiziwa, mmea kwa mmea, akaubeba akautupa mbali, na akarudi mteremkoni kuokota majani yake ya chai. Jioni nilisikiliza kwenye nyufa mpaka usingizi ukanichukua, sikusikia hata kijiko.

Asubuhi yake alikuwa shambani kabla yetu. Alikuwa amefunga vijiti vyenye majani vikawa fungu, na alikuwa akichovya kwenye ndoo ya pilipili na kuzirushia sukuma, kulia na kushoto, kama padri na maji ya baraka. Mama mdogo alisimama mlangoni akimtazama. Halafu akachukua fungu la pili. Hakuna aliyeomba msamaha wala aliyesamehe, angalau si kwa sauti, ila jembe lilirudi mahali pake jikoni, na Kogo akaacha kununua kabichi.

Wiki zilizofuata nilikuwa na furaha, na sioni aibu kusema hivyo. Kogo alitoa mbegu zake za isagek, akazipanda pale zizi la zamani lilipokuwa, ambako hakuna kilichohitaji mbolea. Zilipoota mama mdogo akapiga kelele: zilikuwa chinsaga, mboga chungu ya kwao, na kila mmoja alikuwa ameamini ni mali ya kabila lake peke yake. Wakabishana namna ya kuipika, wakakubaliana kwamba ni kwa maziwa, wakabishana ni maziwa kiasi gani. Sukuma nazo zikapata nguvu, si za kusifiwa sokoni, lakini nene na nzito, na matundu yake hapa na pale. Mimi ndiye niliyekuwa nikizichuma. Nilianza kuyapenda yale matundu. Kwenye nyufa za stoo sasa nilisikia majina yakijaribiwa, moja la Kikisii, moja la Kikipsigis, na vicheko.

Mimba iliharibika wakati wa mvua ndefu, mchana, tukiwa tunachuma chai. Mama mdogo hakuwa amebeba kitu. Alisimama tu akaniita “Kerubo” kwa sauti ya kawaida, kama anayeniomba kisu, na nilipomfikia alikuwa amejishikilia kwenye miti ya chai. Tulimpeleka hospitali. Alirudi baada ya siku chache na mikono mitupu, akalala chumbani kwake akitazama ukuta, nami nikawa nampelekea uji na kuurudisha. Mtoto alikuwa mvulana. Sitasema zaidi juu ya hilo, kwa sababu yeye mwenyewe hasemi.

Wanawake walikuja kumfariji, na wakishamaliza chumbani waliingia jikoni kwa Kogo kunywa chai. Nilikuwa stoo. Mmoja wao, jirani mwenye sauti ya kanisa, alikusudia wema, nina hakika.

“Basi haikuwa mboga,” alisema. “Umeona? Alikula safi na bado. Hakuna mtu atasema ni wewe tena.”

Nilisubiri. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hofu ya jibu, kwa sababu Kogo alikuwa na haki yake. Kesi ilikuwa imekwisha na yeye ameshinda.

“Kunywa chai,” alisema Kogo. “Inapoa.”

Jumamosi ikafika. Kogo alichanganya dawa, akawazunguka ng'ombe, akawaita kwa majina. Nilikuwa nikifua, nikaacha kufua. Ilibaki dawa kiasi, na aliibeba akaja nayo upande wa jikoni. Akapita karibu na sukuma bila kugeuza kichwa. Alikwenda mpaka chini ya mikaratusi, mbali na mto na mbali na shamba, ambako kulikuwa na shimo ambalo sikuwa nimeliona likichimbwa, akamimina, akafukia. Kisha akarudi, akachukua chekeche ya jivu. Mama mdogo aliyaona yote kutoka dirishani. Niliona pazia likitikisika. Alitoka kitandani siku ile, akaketi nje juani, na ilikuwa mara ya kwanza.

Niliondoka mwisho wa mwaka kwenda chuo. Nilirudi mara chache, kama watu wanavyorudi, kwa harusi na kwa simu. Mama mdogo alikuja kupata binti, Chebet, miaka kadhaa baadaye, na ndiye aliyekuwa akizungusha chai siku ya mazishi, mrefu, mwenye mwendo wa haraka wa Kogo. Mvua ilipowafukuza watu, mimi na mama mdogo tuliishia jikoni kwa Kogo. Vibuyu bado vilining'inia. Stoo sasa imejaa viti vya plastiki. Nilimwuliza jambo ambalo sikuwahi kuliuliza: Chebet alikaaje tumboni, wakati wale wengine hawakukaa?

“Mlango wa kizazi ulikuwa dhaifu,” alisema. “Mtoto akifika uzito fulani haungemshika. Daktari mmoja Kericho ndiye aliona. Akashona, na Chebet akakaa.”

“Kwa hiyo hata wale wa kwanza?”

“Hata wa kwanza. Tangu mwanzo ilikuwa hiyo. Haikuwa mboga, haikuwa kitu.”

“Kogo alijua?”

“Alikuwa ndani ya hicho chumba cha daktari, Kerubo. Alikuwa amenishikia mkoba. Alimfanya daktari aseme tena mara ya pili.”

Moto ulikuwa umefifia. Mama mdogo alizisukuma kuni kwa mguu, kama Kogo alivyokuwa akifanya.

“Tulirudi nyumbani, mkoba bado ameushika. Tulipofika hapo kwa geti nikamshika mkono. Nikamwambia, Mama, ile siku nilikuja hapa jikoni nikakwambia mambo ya dawa... Hakuniacha nimalize. Alisema, ‘Chukua chekeche, twende tuwekee sukuma jivu.’”

Akaokota kaa lililoanguka, akalirudisha motoni.

“Na mvua ilikuwa inakuja. Mimi niliiona, yeye aliiona, ilikuwa imeshafika hapo kwa msitu.”

“Mkaenda?”

“Tukaenda. Tukaweka yote, mpaka mstari wa mwisho. Ikanyesha tukiwa bado hapo.”